Mlango wa Mzizi

Kinundu kilikuwa cheupe ndani.

Osmunda Ndunguru alikigeuzageuza juu ya ukucha wa kidole gumba, kisha akapasua kingine kwa wembe, na kingine tena. Vyote vilikuwa vidogo kama punje za mtama, vimeshikamana na mizizi ya mharage kama ilivyo kawaida, na vyote ndani vilikuwa vyeupe kama muhogo mbichi. Alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo wa ngolo, yale mashimo ya mraba ambayo Wamatengo huchimba miteremkoni ili mvua isichukue udongo, na suruali yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini.

"Vimeoza?" Kolumba aliuliza. Shamba lilikuwa lake. Alikuwa dada mkubwa wa Osmunda, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyempigia simu kumwambia kwamba maharage yanageuka manjano hata kabla ya kutoa maua.

"Havijaoza. Ni vizima, tena vimeshiba. Hilo ndilo linalonitia hofu."

Osmunda akapanda mpaka juu ya shamba, kwenye migomba, mbali na mahindi, akang'oa mharage mwingine na kurudi nao. Kinundu cha huo alipokipasua kilikuwa chekundu kama nyama iliyokatwa sasa hivi.

"Unaiona hii rangi, dada? Ndani ya kinundu kuna seli, na seli hizo zimejaa bakteria. Wanachukua naitrojeni ya hewani wanaigeuza kuwa chakula cha mmea, na mmea unawalipa sukari. Ila kazi hiyo haiwezekani penye oksijeni nyingi. Kwa hiyo mharage hutengeneza kitu cha ukoo mmoja na damu yetu, kinaishika oksijeni na kuigawa kwa kipimo. Ukiona wekundu, ujue kazi inafanyika."

"Na ukiona weupe?"

"Wanakula sukari, kazi hawafanyi."

"Mgeni siku mbili," Kolumba alisema, "ya tatu mpe jembe."

"Hawa hawatashika jembe." Osmunda alikuwa ameacha kuangalia mizizi. Alikuwa akiangalia mahindi.

Yalishuka mteremko mzima mpaka mtoni, marefu, majani yake ya kijani kinachokaribia weusi, ndevu ndiyo kwanza zinachungulia. Watu waliyaita Jilishe. Yalikuja baada ya ile miaka ambayo meli za mbolea ziliacha kufika bandarini, na mahindi ya kawaida yakawa yanatoa gunzi lisilojaza kiganja. Vinundu ni mali ya mikunde: maharage, kunde, njugu mawe. Mahindi hayakuwa navyo tangu dunia iumbwe. Osmunda na wenzake ndio walioupa mmea wa mahindi vinundu, na sasa kila nyumba ya tarafa ya Lihanje ilikula Jilishe. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuijua njaa.

"Mdogo wangu," Kolumba alisema, "niambie unachokiona."

"Niache kwanza nikaangalie kwenye hadubini. Nikikuambia sasa nitakuwa nakisia."

Lakini hakuwa anakisia. Alijua.

*

Adhuhuri, katika kituo cha mbegu, picha ilikuwa imetanda ukuta mzima. Seli za kinundu zilipangana kama masega, na ndani yake, badala ya giza, kulikuwa na vijiti vidogo visivyohesabika vinavyong'aa kijani.

"Ni wetu," alisema Dakta Eberhard Hyera.

Alikuwa mkurugenzi wa kituo. Zamani alimfundisha Osmunda chuoni, na mpaka leo Osmunda alimwita Mwalimu. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Mng'ao ule wa kijani ulikuwa alama waliyowatia wenyewe bakteria wa Jilishe maabarani, ili wakipotea wajulikane.

"Wamefikaje kwenye maharage?" aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha kwamba jibu analo.

"Kwa ufunguo tuliowapa." Osmunda alikuwa amesimama, hakuweza kukaa. "Bakteria wa asili hubisha hodi. Mzizi wa mharage ukimtambua, unywele wake unajikunja, unamfungulia njia nyembamba mpaka ndani ya seli, na huko anavishwa utando. Utando huo ndio unaomtawala: sukari inapitia hapo, amri ya kufanya kazi inapitia hapo. Mmea wa mahindi haukuwa na mlango wa namna hiyo. Sisi tukawapa bakteria wetu kimeng'enya cha kulainisha ukuta wa mzizi, waingie bila kubisha. Mahindi tukayafundisha kuwaamrisha. Mharage hatukuufundisha. Wanaingia, wanakula, na amri yake hawaielewi."

"Na bakteria wa asili?"

"Hawana pa kukaa. Vinundu vimeshajaa."

"Ni maharage tu?"

"Wenzetu wa kule chini mtoni wamepasua kunde asubuhi hii. Nyeupe."

Hyera alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Vinundu vya Jilishe vitaanza kuoza lini?"

"Punje zikianza kujaa. Wiki chache tu. Kila kinundu kitakachooza kitamwaga mamilioni kwenye udongo, na masika yatawapeleka mtoni. Kutoka hapo hakuna wa kuwarudisha."

Hakuna aliyetaja dawa kwanza, lakini wote wawili walikuwa wanaifikiria. Iliitwa Zimio. Osmunda mwenyewe ndiye aliyeisisitiza wakati wa kubuni Jilishe: sukari ya bandia inayopuliziwa majanini, ikateremshwa na mmea mpaka kwenye vinundu, na bakteria wa kituo wakiila wanapasuka. Wa asili haiwadhuru. Ila mmea hai tu ndio unaoweza kuwafikishia. Wakishaingia kwenye udongo, Zimio ni maji matamu tu. Droni za kituo zingeweza kupulizia tarafa nzima kwa mchana mmoja usio na mvua, kwa namba mbili za siri: ya mkurugenzi na ya mbunifu.

"Mvua kubwa inaanza kesho jioni na haitakatika mwezi huu," Hyera alisema. "Droni zitaruka kesho mchana. Tutawaambia watu kuna ugonjwa wa majani, tunautibu."

"Mwalimu, mahindi yatakosa chakula wakati ndevu ndiyo zinatoka. Magunzi yatakuwa mapengo matupu."

"Tutasema ugonjwa uliishinda dawa."

"Watalala njaa bila kujua kwamba sisi ndio tuliochagua."

"Watalala njaa vilevile wakijua." Alisema kwa upole, na upole huo ulimuumiza Osmunda kuliko angefoka. "Nisikilize. Shamba moja likibaki, bakteria wamebaki, na hao wengine wote watakuwa wamepoteza mahindi yao bure. Ukiwauliza, atakuwepo wa kukataa. Wewe ungekuwa na watoto ndani ya nyumba, ungekubali?"

"Sijui."

"Basi usimpe mwenzako swali ambalo wewe mwenyewe limekushinda."

Osmunda aliutazama ukuta unaong'aa. Angeweza kutoa namba yake sasa hivi, aende nyumbani, na hakuna mtu Lihanje ambaye angemlaumu kamwe. Hata Kolumba angemuonea huruma kwa mbegu yake iliyopatwa na ugonjwa.

"Sitoi namba mpaka wasikie," alisema.

"Wakikataa, mikunde ya nchi hii yote itageuka manjano, na wewe utakuwa umefanya hivyo ili moyo wako ulale."

Osmunda hakuwa na hakika kwamba ni uongo.

"Kesho mpaka saa sita mchana," Hyera alisema mwishowe. "Baada ya hapo mvua ndiyo itakayoamua, siyo mimi wala wewe."

*

Wakulima walikutana asubuhi iliyofuata katika ghala la kahawa la chama chao, lililokuwa tupu msimu ule. Watu walikaa juu ya magunia, wengine walisimama mpaka nje. Osmunda alisimama akasema yote. Alisema mbegu ni yake na kosa ni lake. Alisema serikali imeahidi chakula cha msaada.

"Kitafika lini?" mzee mmoja aliuliza.

"Sijui, baba. Wamesema kabla ya Krismasi. Mimi siwezi kuwaapia."

Mlangoni, Hyera alifumba macho.

"Na ninaahidi jambo moja," Osmunda aliendelea. "Droni haitapita juu ya shamba la mtu aliyekataa."

Kelele zilichukua muda kutulia. Wengine walitaka kujua kwa nini wasisubiri mavuno, na akawaeleza tena habari ya vinundu kuoza. Kijana mmoja alisema kituo kichomwe moto. Kisha Kolumba akainuka, na kwa kuwa alikuwa dada wa mkosaji, watu walinyamaza waone atasema nini.

"Huyu nimemlea mimi, na leo sina neno la kumtetea," alisema. "Naongea habari ya ngolo. Bibi zetu walipanda maharage mwaka huu, mahindi mwaka ujao, hawakuruka. Walijua udongo unakula nini. Mwaka ambao mahindi yalitukatalia tulibaki na maharage na mihogo. Maharage yakitukatalia, huo udongo tutaulisha nini? Mimi nakubali. Nakubali nikiwa nalia, lakini nakubali."

Mikono ilinyooka polepole, mmoja hapa, mmoja kule, kama watu wanaoinua kitu kizito. Ilipokaribia kuwa yote, mwanaume mmoja aliinuka kutoka kwenye magunia ya nyuma. Alikuwa Benitho Komba. Kila mtu ghalani alimjua kwa jambo moja: katika njaa ya mwisho alibeba jeneza la binti yake wa kwanza peke yake, kwa sababu lilikuwa dogo.

"Mimi nimekataa," alisema, akatoka.

Nje, Hyera alimshika Osmunda mkono. "Shamba lake ndilo la juu kuliko yote. Liko kwenye chemchemi. Maji ya Lihanje nzima yanaanzia kwake."

"Najua liko wapi."

"Ahadi ile hukuniuliza kabla ya kuitoa."

"Ungenikatalia."

"Nipe namba, Osmunda. Ukiliruka shamba lake, umewatia njaa hawa wote waliokubali, kwa kazi bure. Ukilipulizia, umemdhulumu mtu mmoja. Hesabu hii haihitaji daktari."

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Osmunda alitoa mkono wake taratibu.

"Saa sita bado," alisema, akaanza kupanda mlima.

*

Alifika akihema. Benitho alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba lake, na miguuni pake alikuwa amekusanya mawe. Mkewe, Winfrida, alikaa kizingitini na mtoto mgongoni, akiwatazama.

"Droni zikija nitazipiga mawe," Benitho alisema.

"Hazitakuja. Nimekuahidi."

"Basi umefuata nini?"

"Naomba kuona maharage yako."

Alisita, kisha akaonyesha kwa kidevu. Osmunda aliinama kwenye ngolo la kwanza, akang'oa mharage, akatoa wembe. Akapasua kinundu kimoja. Chekundu. Akapasua kingine, akasogea ngolo la tatu, la nne, akapasua tena. Vyote vilikuwa vyekundu. Uvamizi ulikuwa bado haujafika huku juu.

Benitho alikuwa amemfuata na kusimama kando yake. Ghalani Osmunda hakuzungumzia rangi. Aliongea habari za bakteria na za njaa.

"Hiyo rangi kama damu," Benitho alisema. "Ndiyo ugonjwa wenyewe?"

Sauti yake ilikuwa imeshuka. Aliogopa, na Osmunda aliona kwamba mtu huyu yuko tayari kuamini. Neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, na Benitho angeketi chini, na saa sita droni zingeruka, na maharage ya nchi yangepona. Osmunda alikuwa bado na kinundu kwenye kiganja.

"Hapana," alisema. "Hii ndiyo nzima. Iliyougua ni nyeupe. Shamba lako bado ni safi."

Benitho aliinama akaokota kimoja cha vinundu vilivyopasuliwa. "Kwa hiyo mnataka kuua mahindi ya shamba lisilo na ugonjwa."

"Ndiyo. Kwa sababu mahindi yako yenyewe yanao hao bakteria. Yakianza kujaza punje, vinundu vyake vitaoza hapo hapo pembeni ya maharage, halafu mvua itawashusha kwa watu wote. Ukikataa, sitatoa namba yangu hata kwa wengine. Siwezi kuwatia njaa bure." Akaelekeza wembe bondeni. "Na kuna hili. Walioko chini, hata dawa ikifanya kazi, udongo wao umebaki na bakteria wa asili wachache sana. Watahitaji udongo wenye wale wazuri ili maharage yao yaanze upya. Mpaka sasa sijaona mwingine zaidi ya huu."

"Ungeniambia nyekundu ndiyo mbaya, ningekuamini."

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia hivyo?"

Osmunda alifuta udongo kwenye wembe. "Ingekuwa mara ya pili naingia kwako bila kubisha hodi, baada ya hawa bakteria."

Winfrida ndiye aliyesema. Hakuinuka kizingitini.

"Mwaka tuliomzika binti yetu Imelda walituambia meli za mbolea ziko njiani," alisema. "Kila wiki ziko njiani. Hata kupanda mihogo hatukupanda, tulikuwa tunasubiri meli. Nao walikuwa na nia njema, walitaka tusiogope." Alimsogeza mtoto mgongoni. "Huyu ametuambia wakati mihogo bado inapandika."

Benitho aliyatazama mahindi yake. Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kuyalaza upande mmoja.

"Droni sitaki," alisema. "Shamba langu halitapuliziwa kutoka juu kama lina nzige. Nileteeni hiyo dawa, nitapulizia kwa mkono wangu."

Osmunda alipiga simu. Hyera alimsikiliza bila kumkatiza.

"Dereva atakuletea mabomba mawili ya mgongoni," Hyera alisema. "Namba."

Akamtajia.

Droni ziliruka saa sita. Kutoka juu walizisikia zikivuma kama nyuki bondeni, zikienda na kurudi juu ya mashamba ya watu waliokubali. Benitho alianzia upande wa chemchemi, Osmunda upande wa njia, kila mmoja na bomba lake, wakipita kati ya mahindi yaliyowazidi kimo. Dawa ilinukia utamu kama mua uliokamuliwa. Kila walipokutana katikati, Benitho alikuwa anatazama mbele tu, na aligusa baadhi ya magunzi machanga alipokuwa akipita, kama mtu anayepanga foleni ya kuaga. Jua lilidumu mpaka alasiri. Walikuwa wameshavua mabomba wingu lilipolifunika.

"Benitho," Osmunda alisema, "naomba unisamehe."

"Usiniombe leo. Njoo mwakani, mwezi wa pili, nitakapojua wanangu wamekula nini."

*

Zimio lilifanya kazi. Vinundu vyeupe vilinywea na kukauka, na msako wa mto mzima haukuona tena mng'ao wa kijani. Mahindi yalitoa magunzi yenye punje chache, kama midomo ya wazee. Watu walipanda mihogo na viazi kila palipokuwa na nafasi. Chakula cha msaada hakikufika kabla ya Krismasi. Kilifika Januari, nusu yake, na njiani kilikuwa kimenyeshewa.

Hyera alistaafu mapema. Hakumlaumu Osmunda mbele ya watu, wala hakumwambia kwamba alifanya sawa. Kituoni watu walivunja dirisha la ofisi ya Osmunda kwa jiwe, na yeye akazuia lisitengenezwe. Kolumba aliuza mbuzi wake wote na kugawa unga kwa majirani mpaka na yeye akawa wa kugawiwa.

Mwezi wa pili Osmunda alipanda tena mlima. Njiani alipishana na watu wanaoshuka na ndoo za udongo kichwani, wakitoka kwa Benitho. Msimu wa kuchimba ngolo ulikuwa umekaribia, na kila mmoja alitaka kuchanganya udongo ule na mbegu yake ya maharage. Wengine walimwitikia salamu. Wengine hawakumwitikia.

Benitho alikuwa anawachotea kwa koleo. Alikuwa amekonda, shati lilimning'inia. Watoto wake walikuwa nyuma ya nyumba, na Osmunda alijikuta anawahesabu. Walikuwa wote.

"Umekuja," Benitho alisema.

"Ulisema nije."

Alichomeka koleo ardhini, akafuta mikono kwenye suruali. Alimtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua.

"Wangu wako hai," alisema. "Kwa Nchimbi, nyumba ya pili ukishuka upande wa kule, walizika kitoto Jumanne. Nao siku ile walinyoosha mikono. Kaanzie kwao kuomba. Ukitoka huko, ndipo uje kwangu."

Osmunda alitazama upande alioonyeshwa. Paa la bati lilionekana kati ya migomba, na watu wa msiba walikuwa bado wamekaa nje kwenye mabenchi. Aliaga, akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya kuteremka kwa Nchimbi. Alipofika mwanzo wa ua alisimama, na kabla ya kuingia akapiga hodi, akasubiri mpaka alipojibiwa.